Kisanduku cha Mama Fumiko

Ibra, Oman, Jumanne, 3 Septemba 2024

Kwa mwanangu kipenzi Tamim bin Humaid, Mungu akuweke huko uliko.

Mimi mzima, mguu tu ndio ule ule unaoujua. Dada yako Samah yuko kwake Sur, watoto wamemchosha. Kaka yako Turki na mkewe walikuja juzi, wamekula, wamelala, wamekunywa chai, wamekwenda zao.

Najua utasema, mama, si kuna simu? Simu ipo, lakini simu yangu si yangu. Nikikuandikia neno, watoto wa Samah wameshalisoma. Nikikutumia sauti, Turki ameshaisikia kabla yako. Kiswahili cha kuandika hapa hakuna anayekijua ila mimi na wewe. Wenzako niliwasemesha, wakanijibu Kiarabu. Wewe ulikuwa wa mwisho, baba yako yuko kazini wiki nzima, tukikaa jikoni wawili nikikuandikia a, e, i, o, u kwa kidole katika sinia ya unga. Mimi niliyeishia darasa la nne Unguja ndiye niliyemfundisha daktari herufi. Hilo nalisema kila Jumatano katika soko letu la wanawake, na asiyependa aende akanunue vitunguu kwengine.

Jumatano iliyopita Bimdogo, mwenzangu wa sokoni, ananiuliza, ati mwanao ni daktari wa nini? Nikamwambia, wa mchanga na maji. Akasema, ametoka katika mchanga wa kwetu Sharqiyah kwenda kusomea mchanga wa Wajapani? Nikamwambia, naam, na Wajapani wenyewe wanamlipa, wanao wewe hata Nizwa hawafiki bila ya kupotea njia. Tulicheka mpaka ushungi ukaniponyoka.

Sasa sikiliza. Kisanduku kimefika. Mimi nilimpelekea mama wa rafiki yako Naoya bakuli la halwa kwa ajili ya Idi, nikasema basi. Kumbe bakuli langu limerudi limejaa vitamu vya mchele, kimoja kimoja kimefungwa kama mtoto mchanga, na bakuli lenyewe limo ndani ya kisanduku cheusi kinachong'aa, ndani chekundu, nje kimeviringwa kitambaa cha maua. Sisi chombo cha mtu haturudishi kitupu, lakini sikujua kama na Wajapani wana adabu hiyo. Nimekiweka sebuleni, kila anayeingia nampa akishike.

Lakini mwanangu, mimi si mtoto. Mama wa watu hampelekei mama wa kijana vitu vya namna hii bure. Kwetu vyombo vikianza kutembea baina ya mama na mama, watu wanajua kuna mtoto wa kike ndani ya nyumba. Niambie kweli, huyo Mama Fumiko ana binti? Kama anaye, mjibu kwa upole kwamba amechelewa. Bimdogo ana Abeer, amesoma chuo hapa Ibra, ana kazi wizarani, na akipika wali unaunusa kutoka barabarani. Uje Idi ya Ramadhani umtazame.

Kofia yako ya viua nimeshaianza. Bimdogo kaniomba tena nimshonee mwanawe, atanilipa. Nimemwambia mikono hii imewashonea wanne tu duniani: marehemu baba yako, Turki, wewe, na Adham kwa kuwa kanichukulia Samah. Mtu wa nje aende dukani.

Mama yako,
Ghaniya binti Marzouq


Tottori, 29 Septemba 2024

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kazini nikacheka peke yangu, wenzangu wakanitazama. Huku mtu hacheki peke yake ofisini.

Umeuliza swali, nami nikamfasiria Mama Fumiko kama lilivyo. Tulikuwa kwao, msimu wa peasi umefika, anatumenyea. Aliposikia aliweka kisu chini. Akamtazama Naoya, akanitazama mimi, akasema, "Mwambie mama yako sina binti." Kisha akachukua tunda jengine akalimenya, ganda likashuka refu bila ya kukatika. Lakini tulipoondoka alinirudisha mlangoni akaniuliza kama wewe unapenda chai chungu.

Hana binti, mama. Mtoto wake ni mmoja, Naoya, ambaye nakaa naye nyumba moja mwaka wa sita sasa. Unakumbuka nilikuambia tulivyotafuta nyumba ile? Kila mwenye nyumba akisikia wanaume wawili watu wazima, anasema samahani, imeshachukuliwa, anainama mpaka chini, na tangazo lake liko dirishani mwezi mzima. Mwisho Naoya aliwaambia sisi tunafanya kazi pamoja, kampuni imetuweka. Yeye anafundisha wazee kuogelea katika bwawa la mji, mimi napima mchanga. Sijui ni kampuni gani hiyo. Wakatupa ufunguo.

Habari ya Abeer, nakuomba, mwambie Bimdogo asimsubirishe. Si kwamba ana kasoro. Mimi sitaki mke, mama, wa Ibra wala wa huku.

Baba yake Naoya mgonjwa sana. Muombee.

Mwanao,
Tamim


Ibra, Jumatano, 23 Oktoba 2024

Mwanangu Tamim,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimevaa miwani. Nimefahamu. Mama wa watu hana binti, ana kijana mmoja mpweke, kakuona wewe mtoto mwenye adabu, kasema huyu atakuwa ndugu wa mwanangu. Nimewaeleza hivyo leo sokoni. Nimesema, Tamim huko amepata mama wa pili, maana mtoto mzuri kila nyumba inamtaka. Wamesema mashallah wote, hata wale wasionipenda.

Mambo ya hutaki mke usinichezee. Kijana mwenye haya ndivyo anavyosema. Baba yako naye aliwaambia watu hataki, na siku nilipoletwa kuonekana nikamuona kajificha nyuma ya pazia anachungulia, vidole vya miguu vyote nje. Bimdogo amekubali, mumewe amekubali, Abeer kanyamaza. Nimewaambia utakuja Idi. Nimeshasema, Tamim, mbele ya watu, usije ukanivua nguo.

Na huyo Naoya mbona naye hajaoa? Nyumba ina shamba la peasi, baba mgonjwa, mama mtu mzima, naye kazi yake kuwatia vikongwe majini. Mwambie Mama Fumiko mimi Ghaniya nimesema amtafutie mke upesi, asingoje kama nilivyongoja mimi. Mfasirie vizuri, usipunguze.

Kisanduku kinakuja na barua hii. Nimetia halwa, ndimu kavu, na chupa ya maji ya waridi ya Jabal Akhdar niliyoagiza kwa watu wenyewe wa juu mlimani, si ya dukani. Mwambie anyunyize chumbani kwa mgonjwa.

Mama yako,
Ghaniya


Tottori, 8 Desemba 2024

Mama, shikamoo.

Ulitaka nimfasirie Mama Fumiko maneno yako, sikumfasiria. Kisanduku chako kilifika siku mbaya. Baba yake Naoya amefariki. Maji ya waridi Mama Fumiko aliyanyunyiza chumbani kama ulivyosema, akaniambia mume wake kaondoka ananukia vizuri, anakushukuru sana.

Sehemu hii usiisome ukiwa unakula. Huku hawaziki kama sisi. Maiti huchomwa, kisha jamaa husimama kuzunguka mifupa na vijiti mkononi, na wawili wawili huunyanyua mfupa mmoja pamoja, wakautia katika mtungi. Ni kazi ya jamaa peke yao. Majirani hungoja nje.

Mimi nilikuwa nje. Msiba mzima nilikaa mlangoni nikipokea miavuli ya watu. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniuliza mimi nani. Ndivyo walivyo, mama, na nimekuwa nikitaka kukueleza siku nyingi. Hapa hapana sheria inayomkamata mtu kwa jambo hili, wala mtu hakutemei mate njiani. Naoya anasema zamani, zama za mapanga yao, wakubwa wao na watawa wao walikuwa wakiandika mashairi juu ya vijana wa kiume wanaowapenda, wala hawakuona haya. Siku hizi katika televisheni wako wanaume wanaovaa nguo za kike, nchi nzima inawacheka na kuwapenda. Lakini akiwa ni mwanao, ndani ya nyumba yako, mdomo unafungwa. Si chuki. Ni kama mtu anayepita chumbani na sinia la vikombe, anakuzunguka ili asikuguse.

Basi nimekaa na miavuli yangu, mlango ukafunguka, Mama Fumiko mwenyewe akaniita kwa jina. Akanitia vijiti mkononi, akanisimamisha mkabala na Naoya. Kaka wa marehemu akauliza kwa sauti ndogo, huyu nani? Mama Fumiko akasema, "Mtu wa nyumbani." Tukaunyanyua mfupa mmoja pamoja, mwepesi kama kipande cha chaki. Tukautia mtungini.

Mama, sasa umeshajua, lakini nataka ulisikie kwangu, si kwa watu. Naoya si mwenzangu wa kupanga nyumba. Ndiye niliyemchagua, na yeye kanichagua mimi. Kwa ajili hiyo sitaoa, mwaka huu wala mwaka wowote. Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu nisingemaliza.

Usimuache Abeer akanisubiri.

Kisanduku kinarudi kwako. Ndani kuna majani ya chai. Huku aliyekupa pole humpelekea kitu, na maji yako ya waridi Mama Fumiko ameyahesabu ni pole.

Mwanao,
Tamim


Tottori, 19 Januari 2025

Mama, shikamoo.

Sijapata jawabu. Samah kaniambia kwa simu hujambo, unashona tu, mchana na jioni, na kwamba huendi tena soko la Jumatano. Nilimuuliza kama kisanduku kimefika, akasema kipo kabatini, umekifungia.

Theluji imefika madirishani. Bwawa la mji limefungwa kwa matengenezo, Naoya yuko nyumbani, tunasikia majirani wakikwangua njia kwa majembe. Kila mmoja anakwangua mlangoni kwake na kipande kidogo cha mwenzake, kisha anaingia ndani bila ya kusema.

Mama Fumiko kaniuliza kama chai ilikuwa mbaya, au kama kakukosea. Nikamwambia posta ya Oman inachelewa. Mungu anisamehe, posta haina kosa.

Andika hata matusi, mama. Mradi iwe hati yako.

Tamim


Ibra, mwezi kumi Ramadhani (10 Machi 2025)

Tamim,

Nimefungua saumu, nimesali, nimekaa niandike kabla Turki hajaja.

Barua yako ile ya mifupa niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini sakafuni. Nimeichoma katika chetezo pamoja na udi, ili mtu akiuliza harufu ya nini nimwambie udi. Umeandika jambo kama lile katika karatasi, na karatasi inapita mikono ya watu wasiojulikana kutoka huko mpaka huku. Nimekulea uwe na akili.

Sitakufanyia maneno mazuri. Haramu ni haramu, sikuitia mimi, wala mimi siwezi kuitoa. Ukinitaka niseme si kitu, hutalisikia hilo kwangu mpaka nife. Nimelia mpaka nimechoka. Nimejiuliza nilikosea wapi, kama ni ule unga katika sinia, kama ilikuwa nikupeleke kwa wanaume wenzako barzani badala ya kukuweka jikoni na mimi. Samah ananiuliza mama una nini, namwambia mguu.

Bimdogo nilimwendea mwenyewe kwa miguu yangu, mguu mbovu na mzima. Nikamwambia, mwanangu hataki, na kosa ni langu, nilisema kabla ya kumuuliza. Akaniambia, "Ghaniya, umemtangaza mwanangu soko zima, leo unamrudisha kama kitambaa kilichochuja?" Abeer kaposwa na kijana wa Nizwa, Firas, alhamdulillahi, harusi baada ya Hajj. Sikualikwa. Na mimi niliyekuwa naringa, Tamim. Nilikuwa nikiingia sokoni wananisogezea mkeka. Sasa nikisikia mtu anacheka nadhani ni mimi.

Mtu anafuturu peke yake na redio. Turki anakuja baada ya tarawehe, anataka kujua kwa nini posa imevunjika, nami namwambia muulize mdogo wako, na naomba Mungu asikuulize.

Jambo moja limo kichwani halitoki. Umesema yule mama alikuita, akakutia vijiti mkononi, mbele ya jamaa zake. Yule kaka wa mumewe akauliza, akajibiwa. Halafu? Ukakata hapo. Jamaa walifanya nini? Na yeye yule mama walimfanya nini?

Hilo nijibu. Mengine usiyaandike tena.

Mama yako


Tottori, 31 Machi 2025, siku ya Idi

Mama, shikamoo, na Idi njema.

Leo nimesali katika chumba kimoja juu ya duka la matairi, tulikuwa Wapakistani, Waindonesia na mimi. Wakaniuliza kama nimeoa. Nikasema bado. Wakaniombea dua. Nikarudi nyumbani, Naoya amepika wali wa nazi kutoka katika video, umeshika chini. Tumeula.

Umeuliza. Yule kaka wa marehemu aliviweka vijiti vyake chini, vikiwa safi, havijagusa kitu. Akatoka nje, na mkewe nyuma yake, na watoto wao wakubwa. Hakugomba. Aliinama kabla ya kutoka, kama anavyoinama mtu dukani. Tangu siku ile hajakanyaga pale. Mwaka mpya wao ni siku kubwa, kama Idi kwetu, na kila mwaka ukoo wote ulikuwa ukijaa kwa Mama Fumiko. Safari hii alipika kama kawaida, masufuria makubwa, tukaja mimi na Naoya. Tulikula watatu katika meza ya watu ishirini. Chakula kilichobaki alikitia katika vyombo akatupa.

Naoya alimuuliza, mama, unajuta? Akasema, "Kunywa chai, inapoa." Mpaka leo hajalitaja jambo lenyewe. Zamani tukilala kwake alikuwa akitandika magodoro katika vyumba viwili. Mwaka mpya ametandika chumba kimoja, akazima taa ya ukumbini, akenda zake kulala.

Wewe unasema usiyaandike, yeye hayasemi. Mara nyengine natamani mmoja wenu anifokee usoni, nijue nimeonekana. Ofisi ya mkoa siku hizi inatoa karatasi ya kuwatambua wawili kama sisi, si ndoa, ni karatasi. Hatujaichukua. Naoya anaogopa wazee wa bwawani, mimi naogopa jina langu lisije likafika kwenu. Tumekaa miaka sita, sasa wa saba, na hakuna mtu duniani aliyetutaja pamoja kwa mdomo wake ila yule mama, siku ile, kwa maneno matatu.

Nisamehe kwa Bimdogo. Nisamehe kwa mkeka.

Mwanao,
Tamim


Ibra, 1 Juni 2025

Kwa mwanangu Tamim bin Humaid,

Mguu sasa afadhali. Joto limeshika, hata paka hatoki chini ya gari.

Barua yako niliiweka muda, sikuichoma. Nimerudi sokoni Jumatano mbili hizi. Nimekaa pembeni karibu na wauza kanga, hakuna aliyenisogezea kitu, nimebeba mkeka wangu mwenyewe. Bimdogo kanipita, akasimama, akaniuliza bei ya uzi kana kwamba mimi muuzaji. Nikamtajia. Akaenda. Si kitu, itakuwa hivyo kwa muda.

Nimemfikiri sana yule mama na masufuria yake makubwa. Najua mtu anavyopika kwa mazoea, mkono unapima wenyewe, ukisha unaangalia unasema, nani atakula hiki? Mimi tangu baba yako afe napika hivyo.

Ijumaa ya kabla ya hii Turki alikuja na mkewe. Nilikuwa namalizia kushona, kofia mbili ziko mapajani. Turki kazishika, kageuza moja, kageuza ya pili. Akasema, hii ya Tamim, kichwa chake nakijua, na hii nyengine ya nani? Nikamwambia, ya huko huko. Akasema, mama, wewe humshonei mtu wa nje, Bimdogo kakuomba miaka. Nikamwambia, sikumshonea mtu wa nje. Akaniangalia. Turki si mjinga, na nadhani alikuwa ameshapata habari zake kutoka kwa watu waliofika huko. Akasema, "Basi niambie ni nani." Mkewe kainamia simu. Tamim, nilikuwa nna sindano mkononi, na nikaona kama nimesimama na mimi katika chumba kile mlichosimama nyinyi na vijiti.

Nikamwambia, mtu wa nyumbani.

Aliweka kikombe chini, kahawa hajaigusa. Akavaa viatu. Mkewe kanibusu mkono haraka haraka akamfuata. Ijumaa hii hawajaja. Nilikuwa nimepika, nimempelekea jirani.

Sasa usije ukadhani nimebadilika. Lile nililosema Ramadhani ndilo, sikukuruhusu kitu, mimi sina ruhusa mfukoni ya kutoa. Usimlete hapa. Wewe njoo, hata siku chache, njoo peke yako, nilale nikijua kuna mtu chumba cha pili. Na lile neno lenyewe usiniandikie. Mfasirie Mama Fumiko kwamba chai yake nilikuwa nimeifungia kabatini, juzi nimeitoa nikaichemsha bila ya sukari kama mlivyonielekeza kwenye karatasi yake. Chungu sana. Nimeimaliza.

Kisanduku kinakuja kwake. Kimekaa kwangu zaidi ya inavyofaa, muombe radhi. Nimetia maji ya waridi ya mwaka huu, mazuri kuliko yale, na halwa, na udi kidogo afukize atakapomkumbuka mumewe. Chini, katika karatasi nyeupe, kuna zile kofia. Mpe yeye kwanza azione, yeye ndiye atakayejua nini cha kufanya. Yako ina viua vya nyota kama ya baba yako. Ile ya pili nimeitoboa maua, sikujua mengine yanayofaa. Isifuliwe katika mashine. Ifuliwe kwa mkono, itiwe wanga, ivishwe juu ya bakuli mpaka ikauke. Na asije akaingia nayo katika lile bwawa lake.

Kichwa chake nimekikisia kwa ile picha yenu ya theluji uliyonitumia, nikakilinganisha na chako. Kama inambana, niandikie. Nitaanza nyengine.

Mama yako,
Ghaniya binti Marzouq